Tonge la Pili la Mama Tiruwerk

Asnakech hakuwa mtu wa kudeka, naapa. Tangu utotoni tumbo lilimsokota, akaharisha, akakonda mpaka sisi majirani tukamwita ufito. Alinyweshwa maji ya baraka kanisa hadi kanisa. Alipotimiza miaka ishirini ndipo daktari mmoja hapa Dessie akasema: ngano na shayiri kwake ni sumu, injera yake, mkate wetu mwembamba wa kila siku, iwe ya nafaka ya tefu tupu maisha yake yote. Tukacheka. Tangu lini mkate ukaua mtu?

Mimi niliacha kucheka mwaka jana, alipolazwa siku tisa kwa kipande kimoja cha mkate wa arusini.

Sasa Jumapili moja alialikwa kwa mama wa mchumba wake Getnet, mara ya kwanza. Mama Tiruwerk ni jirani yangu, hana kitu lakini ana maringo! Alhamisi iliyotangulia tulikanda pamoja unga wa injera ili uchachuke. Tefu ni ghali, haikutosha, akaongeza ngano, nusu kwa nusu. Nikamkumbusha ugonjwa wa Asnakech.

"Mambo ya kudeka hayo. Alganesh, funga domo lako!"

Nikalifunga.

Jumapili sinia lilipowekwa mbele yetu wageni, Asnakech akauliza kwa sauti ndogo, "Samahani mama, hii ni tefu tupu?"

Mungu wangu! Kwetu kumuuliza mwenyeji hivyo mbele za watu ni kumwambia yeye ni fukara. Wajomba wa Getnet wakaacha kutafuna.

"Tefu tupu! Kwani unanionaje, mwanangu?"

Mama Tiruwerk akamega, akachovya mchuzi, akampelekea tonge mdomoni. Tonge la mkwe halikataliwi. Ukilikataa umeikataa nyumba. Asnakech akamtazama Getnet. Getnet akatazama mkeka. Nami nikamega tonge langu. Asnakech akameza.

Kwetu husemwa tonge moja huleta ugomvi, lazima lifuate jingine. Mama akamega la pili.

"Nakuamini, mama," Asnakech akasema, akafumba macho, akafungua kinywa.

Mkono wa Mama Tiruwerk ukakwama hewani. Kisha akalitupa tonge siniani.

"Ina ngano! Nusu nzima! Tapika, mwanangu, tapika!"

Tumbo lilishaanza kumkata binti. Mama akamshika kiuno, akatoka naye uani, mbele ya wajomba wote, bila haya. Wiki mbili alimuuguza mwenyewe, akimpikia tefu tupu.

Na mimi niliyejua tangu Alhamisi? Nilibaki palepale kwenye sinia, domo nimelifunga.