Kibali cha Kuijibu Redio

Dinah wa cherehani hakuanza kuijibu redio kwa ubishi. Alianza kwa adabu. Kule Mbale, kwenye milima ya Taita alikozaliwa, mtu akikuamkia ukanyamaza, mama yako ataulizwa alikulea vipi. Na kila siku saa saba mchana kijana mmoja wa Nairobi alikuwa akisema kwa sauti nzuri, "Hamjambo wasikilizaji." Sasa Dinah angefanya nini? Alizitoa pini mdomoni akaitikia, "Hatujambo, mwanangu. Habari za huko?"

Kijana akazitoa habari za huko. Na kwa kuwa Dinah alikuwa amekwisha kumwitikia, aliona si vizuri kumwacha aongee peke yake.

Redio yenyewe aliachiwa na marehemu mumewe, Crispus, gadi wa treni, mtu aliyekuwa akiongea mpaka usingizini. Crispus alipofariki mwaka wa 1979, Dinah aliitoa redio nyumbani akaiweka juu ya meza ya cherehani, kwenye baraza la duka la Maundu, karibu na stesheni ya Voi. Alisema nyumba ilikuwa imenyamaza mno, akaogopa atasahau kuongea. Hakuna aliyemcheka kwa hilo.

Kwa mengine walimcheka mpaka wakashika mbavu, hasa mwaka wa 1984, mvua ilipokataa, mahindi yakafia shambani yakiwa ya kimo cha goti, na watu wakapanga foleni kungoja mahindi ya manjano kutoka ng'ambo ambayo hata kuku wa Voi waliyatazama mara mbili kabla ya kudonoa.

"Waziri amewahakikishia wananchi kwamba chakula kipo cha kutosha," redio ilisema.

"Kipo kwake," Dinah alijibu, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Muulize leo kapika nini, tuje na sahani."

"Wananchi wamehimizwa walime kwa bidii."

"Tumelima, tumepanda. Iliyobaki ni mvua, kaihimizeni hiyo."

Saa saba ikikaribia, baraza la Maundu lilijaa makuli wa stesheni, madereva wa malori waliotoka Maungu, walimu, na karani mmoja wa posta ambaye alikuwa na redio kubwa kwake. Alisema redio ya nyumbani kwake ilikuwa inasema nusu tu. Maundu, Mkamba aliyejua biashara, alipanga kreti za kukalia na kuuza soda.

Redio siku hizo ilikuwa moja tu, ya serikali, na kazi yake ilikuwa kusema. Kazi ya mwananchi ilikuwa kusikiliza, na kama ni lazima atumie viungo vingine vya mwili, basi apige makofi. Tangu jaribio la mapinduzi la mwaka wa 1982 watu wengi walikuwa wakitazama nyuma hata kabla ya kupiga chafya. Kwa hiyo Jumamosi moja Josephat, naibu wa chifu, alipokuja na kofia yake na fimbo yake, kila mtu alikumbuka ana kazi mahali pengine.

"Habari ya mchana, Mama Elsie," alimwamkia Dinah kwa jina la bintiye.

"Nzuri, Bwana Chifu. Kiti hicho."

"Sikai. Nimeletewa ripoti kwamba unaijibu redio ya serikali."

"Si imeniamkia?"

"Haikukuamkia wewe. Inaamkia taifa!"

"Na mimi je, si taifa?"

Josephat alikuna kidevu. Swali hilo hawakumfundisha kwenye kozi.

"Wewe ni taifa, mama, lakini si lile la kujibu. Redio ina kibali cha kusema. Wewe una kibali cha kushona." Akakibandua ukutani kibali cha baraza la mji, karatasi iliyomruhusu Dinah kukaa pale, akakitia mfukoni. "Nitakaa nacho mpaka Ijumaa. Nikisikia neno moja, hata 'hatujambo', nakichana, na cherehani utaipandisha Mbale ukashonee mawe."

Tuseme ukweli, Dinah aliogopa. Aliogopa hata akashona mfuko wa shati upande wa mgongoni. Bila karatasi ile hana baraza, bila baraza hana mteja, na milimani mwaka ule hakuna aliyekuwa akishonesha chochote.

Jumatatu kijana wa Nairobi alisema "Hamjambo", na hakuna aliyemwitikia. Dinah aliona aibu ya kweli, kama aliyemfungia mgeni mlango usoni. Watu walikuja vilevile, wakakaa kwenye kreti wakiutazama mdomo wake. Redio ikisema neno, wanamtazama. Yeye anabana pini kwa midomo, wao wanajijibia moyoni, na nyuso zilionyesha kwamba majibu yao hayakuwa na adabu kama yake.

"Mama Elsie, hata guna tu," Maundu alimsihi Jumatano. "Tangu unyamaze, hawa watu wanakunywa maji ya mfereji."

Ijumaa Josephat alikuja mwenyewe. Kibali kilichungulia mfukoni mwa shati. Alisimama mbele ya cherehani, mikono nyuma, kusudi asikie vizuri.

"Hamjambo wasikilizaji."

Midomo ya Josephat ilicheza kidogo. Naye alilelewa milimani. Dinah aliona, akainamia kitambaa chake.

"Katika wilaya ya Taita Taveta," kijana aliendelea, "magunia mia sita ya mahindi yamewasili Voi, na manaibu wa machifu wamekwisha kuyagawa kwa wananchi wote. Waziri amewapongeza."

Siku ile hakuna aliyemtazama Dinah. Macho yote yalienda kwa Josephat. Yalianzia usoni, yakateremka polepole mpaka kwenye tumbo, yakakaa hapo.

"Uongo!" Josephat alifoka, akiielekezea redio fimbo. "Magunia gani? Yalifika lini? Mimi sijaona hata punje!"

Redio ikaingia habari za mpira. Kuli mmoja alicheka, lakini si kicheko kizuri. Mwingine aliuliza mahindi ya wake zao yamelala kwa nani. Josephat alikuwa ameshinda siku mbili kwa chai kavu, yeye na watoto wake, na pale pale alijua kwamba mpaka jioni Voi nzima itamwita mwizi. Hakuna atakayemwamini naibu wa chifu akisema serikali imekosea.

Aliinama karibu na cherehani.

"Mama," alisema, "ijibu."

"Mimi nina kibali cha kushona tu, Bwana Chifu. Na hata hicho sinacho."

Josephat alikitoa mfukoni, akakinyoosha kwa kiganja, akakirudisha ukutani kwa mikono yake mwenyewe. Dinah akasimamisha cherehani. Akatema pini moja moja kwenye kisahani bila haraka.

"Mwanangu," aliiambia redio, "kwanza utusamehe, hatujakuitikia tangu Jumatatu. Hatujambo. Pili, huyu Josephat namjua tangu abebwe mgongoni, na jikoni kwake leo hakuna moto, kama kwetu. Hayo magunia, warudie waliokutuma, uwaulize wameyashusha wapi."