Sista Thandamma wa Mannukadavu, Aliyetazama Jani Pande Zote Mbili

Alizaliwa tarehe 11 Juni 1931, mvua zikiwa zimeshika, katika parokia yetu ya Mannukadavu huku Kerala. Baba yake, Paili, na mama yake, Eli, walikuwa wakiponda makumbi ya nazi na kusokota kamba, nao walimbatiza siku ya nane kwa jina la Thandamma. Alisoma mpaka darasa la nne, akatolewa ili alee wadogo zake. Wanaotaka kusikia kwamba akiwa mchanga alikataa ziwa siku za Ijumaa, au kwamba nyuki walitua mdomoni pake, wasijisumbue kusoma. Hayo yameshaanza kusimuliwa, na mama aliyemzaa hakuwahi kuyasema. Alilosema Eli ni kwamba binti alikuwa mtiifu kupita kiasi, na kwamba alipenda kukitazama kitu kimoja mpaka wali unaungua. Alipofika miaka kumi na tano alipewa zamu ya kufagia kanisa, na huko ndiko Mungu alikokuwa akimngojea.

Juu ya boriti ya sakristia kulikuwa na mafungu mawili. Moja lilikuwa la matawi ya Jumapili ya Matawi, ambayo kila nyumba huyarudisha baada ya mwaka ili yachomwe, yawe majivu ya kuanzia Mfungo Mkuu. Na kwetu majivu hupakwa siku ya Jumatatu. Fungu la pili lilikuwa kitabu. Shemasi mmoja aitwaye Pathrose alikiandika zamani za mababu, kwa kalamu ya chuma juu ya majani ya mti wa mvumo, jamii ya mnazi, akatia humo majina ya marehemu wa parokia, nyumba kwa nyumba, ili yatajwe kwenye misa ya wafu. Zile herufi za kale zilipokosa msomaji, kitabu kilipandishwa juu na kuachwa hapo, kimekauka, kimefungwa uzi, na wafu wetu wakakaa bila kutajwa. Hakuna aliyeona ajabu.

Jumamosi tarehe 26 Februari 1949, mzee wa kanisa Ittoop, mtu mwenye sauti na mashamba, alimwagiza Thandamma ashushe matawi makavu yote. Msichana akashusha mafungu yote mawili. Aliona kwamba moja lina matundu na limepitishwa uzi, akajiuliza ni nani anayetunga matawi kama shanga. Lakini mzee alikuwa ameshasema yote, naye alikuwa mtiifu, akanyamaza. Moto ulipoanza kuyafunua majani, mistari ya maandishi ikang'aa myekundu, ndipo alipotia mkono. Kati ya majani mia mbili na kumi aliokoa kumi na tisa. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunyooka tena mpaka kufa kwake. Jumatatu ile parokia nzima ilipakwa majina ya wafu wake kwenye paji la uso, na jioni ikanawa.

Ittoop alipoulizwa alijibu kwamba yaliyoungua ni matawi, na kama kulikuwa na kingine, wamwulize aliyekishusha. Basi watu wakapata pa kuitua lawama, kama kawaida yetu. Kisimani walimwita Jivu. "Jivu wee, leo unatuchomea nini?" Hakujitetea hata siku moja. Mwaka uleule aliingia utawa kwa masista wa ng'ambo ya mto, ambao walimpa jina jipya lisilotumiwa na mtu na wakamweka jikoni. Majani yake kumi na tisa aliyatundika juu ya meko, penye moshi wasioupenda wadudu. Masista wenzake walinung'unika miaka mingi kwamba mchuzi una harufu ya maktaba.

Ili ajifunze kuyasoma alikwenda kwa Kesavan Asan, mganga wa dini ya Kihindu, aliyewahi kufundisha herufi mchangani watoto wa dini zote. Mzee huyo alimtazama vidole, akamtazama na msalaba.

"Mlipokuwa nacho hamkukisoma, mwanangu. Mmekwisha kukichoma, sasa ndiyo mnataka kusoma?"

"Ndiyo, Asan. Sisi tumeanzia mwisho."

Asan alicheka, akamfundisha miaka mitano. Alimwonyesha jinsi ya kulilainisha jani kwa mafuta ya mchaichai, na jinsi ya kupaka masizi ili mikwaruzo ya kalamu, isiyoonekana kwa macho, ijae weusi na kuwa herufi. Mwaka 1954, jani la kumi na saba lilipopakwa, lilimwambia Thandamma jambo lililomnyima usingizi: Shemasi Pathrose aliandika vitabu viwili vilivyo sawa, na cha pili alikiweka katika nyumba ya mzee wa kanisa, ili moto wa kimoja usiwe moto wa vyote. Nyumba ile ilikuwa ya Ittoop, aliyerithi uzee wa kanisa toka kwa babu yake.

Na kweli kilikuwapo. Kilikaa ndani ya sanduku la sala, kimevishwa shada la maua, kinawashiwa mshumaa, kinabusiwa kila jioni baada ya rozari. Kufunguliwa, hapana. Ndugu zangu, hili ndilo gonjwa letu: kitabu tukikidharau tunakichoma, tukikiheshimu tunakifunga, na kwa vyovyote vile hakisomwi. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi Thandamma alivuka mto akaomba apewe saa moja tu ya kukipaka mafuta. Kila mara Ittoop alimjibu akiwa barazani, bila kumkaribisha kiti, kwamba kitabu cha babu hakiguswi na mkono uliochoma kingine. Aliogopa, maana kukifungua kile kulikuwa kukiri ni nini kilichoungua. Hesabuni wenyewe Ijumaa za kwanza za miaka kumi na miwili. Mama Mkuu alimwuliza kama hachoki. Alijibu kwamba amechoka sana, tena ana hasira, lakini mchwa hawachoki.

Mwezi wa Septemba 1966 mke wa Ittoop alikuta vumbi jekundu chini ya sanduku. Mchwa. Yule yule Ittoop akatuma mtu ng'ambo, mbio. Thandamma alikuja na chupa ya mafuta na kitambaa cha masizi, akaketi sakafuni, asiseme lile neno ambalo mimi ningelisema na majirani wote wakalisikia. Majani thelathini yalikuwa yameliwa. Mengine yalikuwa mazima. Akapaka la kwanza, akasoma kwa sauti: jina la nyumba ya Ittoop, kisha babu zake, kisha dada mdogo wa baba yake aliyekufa kwa ndui, ambaye hakuna aliyejua kwamba alipata kuishi. Jani likaisha.

"Basi ndicho tulichojipaka," Ittoop akasema.

"Ndicho, mzee wangu. Na mimi ndiye niliyekishusha. Nililiona tundu, nikanyamaza."

Novemba ile, kwa mara ya kwanza baada ya vizazi vitatu, wafu wa Mannukadavu walitajwa kwa majina. Misa ilichukua saa nne, na watu walilalamika.

Mwaka 2011 walikuja vijana kutoka mjini, wa hifadhi ya maandishi ya kale, na kamera zao, wapige picha kitabu kiwekwe kwenye kompyuta. Sista alikuwa na miaka themanini. Walimaliza kwa siku mbili, wakamwonyesha kazi, naye akaona wamepiga upande mmoja tu wa majani mengi. Walimweleza kwa upole kwamba upande wa pili hauna kitu. Akashika jani moja tupu kama kucha, akalisugua masizi, akalifuta. Yakatokea majina ishirini na sita.

"Bibi, si ungetuambia mapema," kijana mmoja akasema.

"Si ungegeuza, mjukuu wangu," akamjibu.

Wakarudia kazi yote, majani yote, pande zote mbili, siku kumi na moja, yeye akisugua. Agosti 2018 mto uliingia kanisani mpaka madhabahuni, na kitabu kikaenda na maji. Sista aliopolewa juu ya mlango uliong'oka, akapelekwa kwenye shule walikohifadhiwa watu. Walipompa habari wakidhani atakufa kwa huzuni, alisema kwamba majani hufa kama watu, na haya yalikuwa yamekwisha kusema. Akauliza kama picha zinafunguka. Hakuna aliyejua, maana kamati ya parokia ilikuwa imeifunga diski ya picha hizo kwenye kabati la ghorofani, ndani ya kitambaa chekundu, na shada juu yake. Alifumba macho, na waliokuwapo wanasema hapo ndipo walipomwona amechoka kweli. Diski ilifunguliwa mbele yake wiki ileile. Alifariki tarehe 9 Novemba 2018, siku saba baada ya kuyasikia majina yakisomwa kutoka kwenye kioo cha kompyuta, naye akatiwa mwisho wa orodha.

Maajabu yanasimuliwa mengi. Wanasema mchwa hawaingii nyumba yenye picha yake. Mimi nasema watumie mchaichai. Wamekata vipande vya joho lake mpaka sista mmoja akawekwa kulilinda. Ajabu ninayoijua ni hii: Sosamma, mjukuu wa Ittoop, ambaye akiwa bado msichana alikuwa wa kwanza kumwita Jivu kule kisimani, ndiye anayesoma majina sasa, na herufi za kale alifundishwa na Jivu mwenyewe.

Na tangu kufa kwake, kila Jumamosi kabla ya majivu, fungu la matawi hufunguliwa mbele ya kanisa. Kila tawi hugeuzwa. Vijana hulalamika jua kali, wazee hulalamika magoti, nami nalalamika kwa ajili yao wote, lakini tunageuza. Mwenye kutaka kumfuata mtakatifu huyu asitafute kipande cha joho. Akiambiwa alete, alete, maana yeye alikuwa mtiifu. Lakini afungue kwanza, atazame huku na huku, na akiona tundu, aseme.