Nilikisifia Chuo Ambacho Hakikunifundisha Kitu

Jamani, mimi ni mwongo, na uongo wangu umemharibia maisha binti wa watu. Nikijitazama kwenye kioo natamani kutema mate!

Mtaani kwetu Kimironko, tukimaliza umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi, tunakaa mkutano. Siku moja, miaka michache iliyopita, kiongozi wa mtaa akanisimamisha mbele ya vijana wanaokaribia kumaliza sekondari. "Huyu amesoma, awasaidie kuchagua chuo."

Nilisomea maabara ya hospitali, chuo kimoja cha binafsi hapa hapa Kigali. Kusoma gani! Tulisoma picha. Hadubini ilikuwa moja, mbovu, inafunuliwa wageni wakija. Ndiyo maana leo nafunga maboksi kwenye ghala huko Masoro.

Ningeyasema hayo mbele ya majirani? Thubutu! Mama yangu alikuwa pale, anatabasamu. Nikakisifia chuo hadi jasho likanitoka.

Divine, binti wa jirani yetu, akanyoosha mkono. "Kaka, chuo yenu iko na maabara ya kweli?"

"Iko! Tena kubwa!"

Akaacha nafasi aliyokuwa ameshapata chuo kingine, akaenda kile nilichosoma mimi. Mama yake akaniletea ndizi za shukrani. Nikazila, mimi shetani!

Alipoujua ukweli, ile nafasi nyingine ilikuwa imeshakwenda. Akavumilia hadi mwisho. Juzi hospitali moja ilimwita kwenye usaili, ikamwekea hadubini mbele. Hakujua hata pa kuiwashia.

Akaja kwetu, macho mekundu. "Kaka, wewe ulijua iko vile. Juu ya nini hukuniambia?"

Hapo ndipo ningetubu. Lakini nikasema, "Wakati wetu vyombo vilikuwako. Labda wameviuza."

Akainamisha kichwa. "Basi unisamehe, kaka. Nilikufikiria vibaya."

Nami nikajibu, "Nimekusamehe." Nimekusamehe! Mtu na akili zake!

Wadogo zangu, msichague chuo kwa maneno ya mtu aliyesimama mbele ya watu. Nendeni wenyewe, fungueni milango, washeni mashine, waulizeni waliomaliza wanafanya kazi gani.

Na wewe utakayeitwa kuwashauri, kama chuo chako kilikuwa bure, sema kilikuwa bure. Utaona aibu siku moja tu. Mimi kila asubuhi Divine ananisalimia kwa heshima, na ninaitikia.