Mashine Iliyokuja na Nyimbo

Cheka tu, sitakasirika. Mwezi jana mimi, mtu ambaye hata kifungo cha shati hushonewa, nilinunua mashine ya kufuma sweta. Ni kuukuu, imekwama, na hata ingekuwa nzima sijui kuitumia. Iko sebuleni, mke wangu anaanikia soksi. Miaka yote nimejikalia nyumbani nikidhani wajinga ni wale wanaozurura; kumbe nami nimo.

Niliinunua kwa sababu ya ule mlio. Kraak kwenda, kraak kurudi. Niliulalia na kuuamkia utoto wangu wote pale mtaani Jericho, kutoka kwa mashine ya mama.

Zamu ya mama ya kupokea michango ilipofika chamani, wanawake wa mtaa walimletea hiyo mashine wakiimba, wameifunika leso kama bibi harusi. Ndivyo walivyofanya: hukupewa pesa mkononi, ulinunuliwa kitu ulichochagua mwenyewe, nawe ukawapikia chai na mandazi. Wenzake walichagua vitanda na kabati za vioo. Sisi watoto, tuliokuwa tukilala sakafuni juu ya magunia, tulililia kitanda. Mama akatukodolea macho: "Kwani kitanda kitawalipia karo?"

Na kweli mashine ililipa. Baridi ya Julai ikiingia, nusu ya shule yetu ilivaa kazi yake: sweta ya kijani, mistari miwili ya manjano shingoni. Nyumba ilinuka sufu, mafuta ya mashine na maharagwe yaliyoungua, maana mpishi alikuwa anahesabu mishono. Nami niliringa shuleni kama mwana wa mwenye kiwanda.

Halafu mitumba ikajaa. Jirani wa mlango wa pili, aliyekuwa akiuza sukuma wiki, akahamia sweta za mitumba za soko la Gikomba. Uzi mpya ukawa ghali kuliko sweta nzima iliyokwisha kuvaliwa Ulaya. Mama akavumbua ujanja: ananunua sweta za jirani, anazifumua, anaosha uzi, anafuma upya. Mimi ndiye niliyekuwa kigingi. Nilikaa kigodani mikono mbele, nikizungushiwa uzi uliojikunja kama tambi, mabega yakiniuma, nikiamini tumewaweza Wazungu.

Muhula mmoja mwalimu mkuu akatangaza kwamba mistari si lazima tena, bora sweta iwe ya kijani. Wazazi wakapiga makofi. Mama alisikia, akaja nyumbani, akaendelea kufumua.

Mwishowe mashine ilichukuliwa na mnunuzi wa vyuma vikuukuu, bila wimbo. Mama akaanza kufulia watu nguo Eastleigh, akirudi vidole vimechubuka. Kitanda hatukupata. Nilipofika sekondari, mwalimu wa biashara alitufundisha kwamba mtu mwerevu hufanya kazi, huweka akiba, na hununua kifaa cha kuzalisha kabla ya starehe. Niliandika yote vizuri nikapata alama nzuri. Sikuuliza swali. Siku hizi pesa za zamu ya chama huingia kwenye simu, nayo hulia mara moja, basi. Hakuna anayeimba wala anayeshuhudia ulichagua nini.

Lakini jioni ninayoikumbuka zaidi ni ile jirani alipopita mlangoni kwetu, tangazo la mwalimu mkuu likiwa bado bichi. Mimi nimenyoosha mikono. Mama amepakata sweta safi, nzima, anatafuta mshono wa kuanzia kuifumua. Jirani hakuwa na ubaya. Alisimama, akaitazama, akasema:

"Wee mama, si hiyo ni sweta ya kijani tayari? Sasa unaifumua ndio ufume nini?"