Jenereta ya Stoo na Mgeni Aliyeomba Moto

Haya niliyaona kwa macho yangu, jioni, nikiwa sijaonja ulanzi wala pombe yoyote. Nasema mapema kwa sababu watu wa kwetu, ukianza tu kusimulia jambo kama hili, wanakuuliza ulikunywa nini. Sikunywa kitu. Nilikuwa nageuza mayai.

Naishi nje kidogo ya Makambako, upande wa Mahongole, mahali ambapo nguzo za umeme zimeishia mbali na kwangu na kila mwaka tunaambiwa zinakuja. Nilichoka kusubiri. Nikamleta fundi akanifungia sola juu ya bati, betri na inveta akaziweka kwenye stoo iliyoshikana na nyumba, nami nikaanza kutotolesha vifaranga kwa mashine. Miezi mingi jua linatosha. Lakini kama unaijua Juni na Julai ya huku, huna haja ya kuelezwa: ukungu asubuhi, manyunyu mchana, upepo jioni, na paneli zimekaa tu huko juu bila kazi. Ndiyo maana nikanunua na jenereta.

Fundi alinielekeza vizuri. Jenereta inakaa nje, kwenye kibanda chenye paa na kisicho na kuta, mbali na madirisha. Unaiwasha, unaiacha itulie, halafu unaruhusu umeme wake uingie kwenye inveta. Inveta inalia tak, nyumba inahamia kwenye jenereta, na betri zinaanza kuchaji. Zikijaa unazima, na usiku kucha mashine ya mayai inatumia betri. Usipige pasi wakati huo, itazidiwa. Basi, hakuna cha ajabu.

Shida haikuwa fundi wala jenereta. Shida alikuwa baba yangu.

Nilimchukua kutoka Mdandu baada ya mama kufariki, na hakunisamehe. Kule alikuwa na mafiga yake na watu wa kugombana nao. Kwangu alisema nyumba ina baridi ya saruji. Jikoni, kibanda cha nje tunakopikia kwa kuni, alisema moshi unamtoa machozi. Kitu pekee alichokipenda kwangu ni jenereta. Unacheka? Kila jioni nikiiwasha alibeba kiti chake, akaenda kukaa kando yake na kuinyooshea viganja. Alisema ule ni moto usio na moshi. Nikamwambia moshi upo, hauonekani tu, na unaua. Akanijibu kwamba yeye ameota moto tangu kabla sijazaliwa. Nilimwacha, maana pale kibandani upepo ulipita kila upande.

Sasa sikia. Jioni hiyo kulikuwa na manyunyu na upepo wa kukata masikio. Niliwasha jenereta, nikasikia inveta imelia, nikaingia chumba cha mashine upande wa pili wa nyumba. Baadaye kidogo mlio wa jenereta ukabadilika, ukawa mzito, wa ndani kwa ndani. Nilidhani upepo umegeuka, nikaendelea na mayai yangu. Mara nikasikia hodi.

Mlangoni alisimama mwanamume wa makamo, koti zito hadi magotini, kofia ya sufu imeshuka hadi masikioni. Sikumfahamu. Akasema, "Kamwene, mama," nikamwitikia. Akasema amepigwa na baridi njiani, anaomba kuota moto.

Huku kwetu mtu akiomba kuota moto humuulizi ametoka wapi. Chakula unaweza kusema kimeisha. Moto utasemaje umeisha, wakati moshi unaonekana tangu barabarani? Lakini sikufichi, ilibaki kidogo nimfukuze. Nilikuwa peke yangu na mzee, giza linaingia, na wezi wa betri hawavai sare. Mazoea yakanishinda.

"Karibu jikoni, baba," nikamwambia. "Kuni zinawaka."

Hakusogea. "Asante. Ila kamtoe kwanza mzee."

"Mzee gani?"

"Aliyejifungia na mashine yake. Mimi mle siingii tena."

Alisema taratibu, kama mtu anayekuelekeza njia. Nikakasirika. Mgeni hata hajakaa, ananipangia kazi nyumbani kwangu? Nilifungua mdomo nimjibu, na mvuke ukanitoka mdomoni, kama unavyomtoka kila mtu kwenye baridi ile. Hapo ndipo nilipoona. Yeye alikuwa ameongea muda wote ule, na mdomoni mwake hapakutoka kitu. Nikamtazama na puani. Hamna.

Niamini, sikupiga kelele. Nilimpita pale mlangoni na macho yangu yakaenda barazani, mahali pa kiti cha baba. Kiti hakikuwepo. Nikatazama kibandani, na jenereta haikuwepo. Ina magurudumu, na waya wake unaanzia kwenye inveta humo stoo, haukuhitaji kuchomolewa, kwa hiyo mzee alikuwa ameisukuma ikiwa inaunguruma mpaka ndani ya stoo, ajikinge na upepo yeye pamoja na joto lake. Nikakimbia.

Mlango wa stoo ulikuwa umefungwa, na chini yake alikuwa amesindilia gunia ili baridi isipenye. Niliusukuma kwa bega mpaka ukaachia. Baba alikuwa kwenye kiti, kidevu kifuani, viganja bado vimeelekea jenereta, na uso umetulia kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu tumzike mama. Nilimshika makwapani nikamburuta kinyumenyume mpaka kwenye majani yaliyolowa. Nikamfungua vifungo, nikamwita. Hakuitika. Nikampiga mashavu, mimi, nampiga baba yangu mzazi mashavu. Niliogopa sana. Nilimwambia Mungu asinichukulie huyu naye, na sikumwambia kwa heshima.

Katikati ya hayo nikagundua kuna kimya. Jenereta ilikuwa imezimika. Baadaye nilikwenda kuiangalia: mafuta yalikuwepo, na swichi ilikuwa imegeuzwa. Nani aliigeuza? Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwa baba.

Baba akakohoa, akatapika, akafumbua macho. Maneno yake ya kwanza yalikuwa haya: "Umeniharibia, mwanangu. Nilikuwa nimepata joto."

Nikampigia simu jirani yangu, Mama Tumaini, ambaye mume wake ana gari la kubebea viazi. Wakati tunawasubiri nikamsogeza baba jikoni apate moto wa kweli. Mgeni hakuwepo. Kigoda kilikuwa kimevutwa karibu na mafiga. Na yale magogo ya muwati niliyoyaacha yanawaka, magogo ya kutosha kupikia na kubakiza, yalikuwa majivu matupu. Nikagusa majivu. Baridi. Nikagusa sufuria ya maji iliyokuwa inakaribia kuchemka, na yenyewe baridi kama imetoka kisimani. Nilikuwa nimeondoka kwa muda gani? Muda wa kumburuta mzee mmoja tu. Aliyeota moto ule aliumaliza wote.

Hospitali walimwekea oksijeni. Tukiwa kwenye benchi la nje nilimsimulia Mama Tumaini, nikitegemea atanicheka. Hakucheka.

"Alikuomba moto?" akaniuliza.

"Aliomba."

"Ukamkaribisha?"

"Nikamkaribisha."

Akashusha pumzi, akaniambia kile ambacho hakuna anayemwambia mnunuzi wa kiwanja. Pale kwangu zamani palikuwa na nyumba ya mtu. Kipupwe kimoja aliingiza jiko la mkaa chumbani, akaziba madirisha, na hawakuamka, yeye, mke wala watoto. Chumba chao kilikuwa pale nilipojenga stoo. Nyumba ikabomolewa, akaja mwenye kiwanja mwingine, akaweka mlinzi wa matofali. Yule mlinzi aliwasimulia watu kwamba jioni amekuja mtu mwenye koti kuomba moto, naye akamtimua kwa panga. Haukupita muda wakamkuta mlinzi huyo amekufa kibandani mwake, jiko la mkaa liko miguuni.

"Sisi tunasema anakuja kuonya," Mama Tumaini akasema. "Ila hamwonyi anayemfukuza."

Sijui. Mchungaji alikuja akaomba, nami nikaitikia amina. Betri hazikuwahi kujaa usiku ule, mayai yakapoa karibu yote, nikayafukia nyuma ya nyumba. Jenereta nimeifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya kibanda chake. Mafiga yale hayajashika moto tena mpaka leo. Weka kuni kavu, mimina hata mafuta ya taa, yanawaka kidogo na kufa. Tumehamishia jiko upande mwingine wa nyumba. Na baba siku hizi anasahau sahau. Anaweza kuniita kwa jina la mama. Lakini jioni ile hajaisahau hata kidogo, na kila mgeni anaelezwa jinsi binti yake alivyomnyima joto.

Kwa hiyo wewe mwenye inveta yako na jenereta yako, usiiingize ndani. Hata kama kuna mvua, hata kama kuna wezi, hata kama ni kwa dakika chache tu. Na kama una mzee anayependa joto lake, usisimame kumwelimisha. Izime, mtoe nje, mgombane baadaye. Asubuhi hii baba amenigombeza tena, mbele ya wateja waliokuja kuchukua vifaranga, maneno yaleyale, kwamba nilimtoa mahali pazuri. Wateja wakaona aibu kwa niaba yangu. Mimi niliacha kazi nikamsikiliza mpaka akamaliza, na nilikuwa na furaha.