Bei ya Ukutani

Mama yangu alikuwa na baa Temeke, vyumba viwili na ua wenye banda la makuti, na mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mradi wa maji mjini. Mambo haya mawili niliyatenganisha kwa nguvu zangu zote. Ofisini hakuna aliyejua nalala wapi. Wenzangu walikuwa mabinti wa walimu na makarani, na miaka ile mwanamke mwenye baa alisemwa hata na wale waliokunywa kwake. Nilimwonea aibu mama yangu. Nasema wazi, maana aibu hiyo ndiyo iliyoniponza.

Nieleze kwanza habari ya bia. Bei ilipangwa na serikali, na ilitakiwa ibandikwe ukutani mahali ambapo kila mteja ataiona: shilingi kumi chupa. Mama aliiandika kwa chaki kwenye ubao juu ya friji. Tatizo ni kwamba mgawo wa kreti alizouziwa kwa bei ya halali ulikwisha kila Jumanne. Bia ya kuanzia Jumatano ilitoka mlango wa nyuma, kwa watu wasiopenda kuulizwa majina, na kwao mama alinunua chupa kwa zaidi ya hiyo kumi. Kwa hiyo ukutani ilikuwa kumi na mezani ilikuwa kumi na nane. Wanywaji wote wa Temeke walilijua hilo na hakuna aliyelitamka. Likitamkwa mbele ya mtu asiyefaa, mama angepelekwa ndani kwa ulanguzi, leseni ingechukuliwa, na mimi na mshahara wangu wa mpiga chapa tungebaki na wadogo zangu wanne wa kulisha.

Katika wateja wa mama alikuwamo mzungu mmoja, mhandisi wa mradi wetu wa maji. Alipewa nyumba Kinondoni, lakini mabomba aliyoyasimamia yalikuwa upande wa Barabara ya Kilwa, na jioni akitoka kazini alipitia kwa mama. Hoteli za mjini zilitaka mgeni alipe kwa fedha za kigeni, naye hakuwa tayari. Alikaa uani, mbali na ubao, alikunywa taratibu, alisalimia vizuri, na alijitahidi kusema Kiswahili. Gari lake likisimama tu nje, mimi nilijifungia jikoni mpaka aondoke. Mama alidhani nawaonea haya wazungu. Nilimwacha adhani hivyo.

Kila baada ya miezi sita wataalamu wa kigeni walijaza fomu ya gharama za maisha. Waliandika bei ya mkate, mayai, petroli, kinyozi, hata bia inayonywewa nje ya nyumba, na kwa fomu hizo makao yao makuu yalikadiria posho. Mimi nilizipiga chapa kwa nakala tatu. Ya kwanza ilikwenda kwao, ya pili ilibaki kwenye faili, na ya tatu ilipelekwa wizarani, maana sehemu ya posho ililipwa na serikali yetu. Sisi wasichana tulizicheka sana fomu hizo. Watu tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni, na wenzetu wanaulizwa kinyozi amepanda kiasi gani.

Asubuhi moja fomu ya mhandisi ilifika mezani kwangu. Kwenye mstari wa bia alikuwa ameandika kumi na nane, na pembeni ameibana stakabadhi. Niliutambua mwandiko kabla ya kusoma neno lolote. Mama alisoma mpaka darasa la nne, na tangu hapo karatasi aliiheshimu kuliko watu wengi. Siku alipopata leseni alinunua kitabu cha stakabadhi na muhuri wa mpira, akakaa navyo miaka mitatu bila mlevi hata mmoja kumwomba risiti. Huyu alipoomba, mama alifurahi. Aliandika kwa herufi za kupinda: bia sita, kila moja shilingi kumi na nane. Akatia saini, akagonga muhuri wenye jina la baa na mtaa. Sijui kama yuko mtu mwingine aliyewahi kuandika ulanguzi wake kwa hati nzuri namna ile.

Nilitazama kaboni ya tatu, ile ya wizarani, nikaona askari wamesimama uani kwetu. Ningeweza kwenda kwa yule mhandisi nikamwambia: mwenye baa hiyo ni mama yangu, tafadhali tusaidie. Alikuwa mtu mwelewa, na sina shaka angesaidia. Lakini angejua. Na ofisini akijua mmoja, wamejua wote. Kwenye mstari wa bia nikapiga chapa kumi, stakabadhi nikaichomoa na kuitia kwenye pochi, nikampelekea asaini.

Alisoma mstari kwa mstari, kalamu mkononi, halafu akasimama kwenye bia. Akaniuliza kama nimekosea.

"Bei ya serikali ni kumi," nilimwambia. "Imebandikwa ukutani katika kila baa."

"Kwa hiyo yule mama ananizidishia?"

Nilijibu ndiyo. Neno moja tu, na lilinitoka jepesi kabisa.

Nadhani lilimuuma, kwa sababu alimpenda mama. Akasema posho yake itapungua, lakini kama bei ni hiyo, basi ni hiyo, na hawezi kutia saini kitu kisicho halali. Akasaini nakala zote tatu na kunishukuru kwa kumfungua macho. Jioni stakabadhi niliitia kwenye jiko la mkaa, nikalala usingizi mzuri. Mama sikumwambia kitu. Nilijiona nimemwokoa.

Ijumaa yake mhandisi alikuja na wenzake wawili. Nikiwa nyuma ya mlango wa jikoni nilimsikia akiagiza, kisha nikasikia sarafu zikiwekwa mezani moja moja.

"Mama," alisema kwa Kiswahili chake cha polepole, "sasa ninajua bei."

Mama hakubisha. Angebishaje, na ubao wake mwenyewe uko juu ya friji? Isitoshe, aliyemwambia huyu anaweza kuiambia na serikali. Alipokea kumi kumi zake. Ijumaa iliyofuata magari yalikuwa manne. Habari ilikwishaenea kwa wataalamu wa Kinondoni mpaka Oysterbay kwamba kuna mahali Temeke bia inauzwa kwa bei halali, na kwa kuwa walijua posho zitakatwa kwa bei hiyo, walikuja kwa wingi na kunywa kwa kiu. Watu wetu nao hawakuwa wajinga. Walipoona wazungu wanalipa kumi, nao wakaanza kuweka kumi. Baa haikuwahi kujaa vile, na mama hakuwahi kupata hasara vile. Kila chupa aliyofungua ilikula ya kesho. Wiki ya nne aliuza cherehani yake ili anunue kreti.

Akawa hapati usingizi akiwaza ni nani aliyetoboa siri. Akatafuta, akapata. Kulikuwa na dada aliyehudumia wateja, ametoka Newala pamoja na mama tangu ujana wao, na kwa kuwa aliwahi kufanya kazi kwa masista wa misheni alijua Kiingereza cha kuombea maji. Ndiye pekee pale baani aliyeweza kuzungumza na wale wageni. Kwa mama hiyo ilitosha.

Ilikuwa Ijumaa tena, jua bado halijazama, ua umejaa. Mama alimwita dada jikoni, mbele yangu.

"Mie sina ugomvi na wewe," alimwambia. "Lakini we ndo unakaa nao, unacheka nao. Kusanya vyako."

Dada aliapa kwa Mungu na kwa kaburi la mama yake. Mama hakumtazama. Basi akaanza kukunja kanga zake na kuzitia kwenye kikapu, machozi yanamdondoka, na mimi nimesimama pale na kisu na kitunguu. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa ndefu, nakumbuka, dada alikunja kanga tatu na gauni moja. Sikusema.

Huko nje waliita bia. Mama akatazama sinia lenye chupa, akatazama mlango, akanitazama. Hakuniamuru. Alikuwa amechoka tu. Dada alishafika kwenye kizingiti na kikapu chake. Nikaweka kisu chini, nikabeba sinia, nikampita, nikatoka uani.

Mhandisi aliniona kabla sijafika mezani. Akasimama kwa furaha, akanivutia kiti, akawaambia wenzake kwa lugha yao kitu kilichowafanya wanipungie mikono. Mama alikuwa nyuma yangu na opena. Mhandisi akamgeukia, na akitaka wote waelewe, alisema kwa Kiswahili, polepole, kila neno mahali pake.

"Mama, huyu ni rafiki yangu wa ofisini. Yeye ndiye alinifundisha bei."

Dada alikuwa bado kizingitini. Alitua kikapu chini. Mhandisi aliona uso wangu, akaona wa mama, akaacha kutabasamu. Akaniuliza kwa sauti ya chini nafanya nini mahali hapa.

Mama ndiye aliyejibu.

"Ni mwanangu," alisema.

Kisha akachukua chupa kwenye sinia langu, akaifungua, akaifuta mdomo kwa pindo la kanga kama alivyomfanyia kila mteja, akamwekea mezani, na kumwomba shilingi kumi.