Kaluki, Prosesa na Mvua za Novemba

Kaluki wa Wayua alikuwa na pesa za mbuzi wawili na mambo mawili ya kuzitumia, na kila jambo lilizitaka zote.

La kwanza lilikuwa shamba. Mvua za Novemba, ndizo za kutegemewa upande wa Kathonzweni, zilikuwa zimeanza kutuma mawingu, na ardhi ya mama yake ilikuwa bado ngumu kama tofali. Ng'ombe hawakuwa nao. Ilibidi wakodi maksai na plau. La pili lilikuwa kompyuta.

Zamani hesabu hii isingekuwepo. Mwenye shamba alipitisha neno tu, na asubuhi mwethya ulikuwa umefika: majirani kwenye mstari mmoja, majembe yakipanda na kushuka kwa wimbo, na malipo ni chakula na kujua kwamba zamu yako itafika. Hayo yamekufa, na hakuna aliyeyazika kwa heshima. Siku hizi jirani akikuona umeshika kiuno shambani, anakutajia bei ya kibarua kabla ya salamu.

Mchana Kaluki aliuza pojo na mtama sokoni. Jioni aliendesha magari ya mashindano kwenye kompyuta aliyoiunda mwenyewe, kipande baada ya kipande: sanduku lililotupwa na ofisi, kadi ya picha iliyokwisha kutumika, kioo chenye mstari wa kijani pembeni. Alikuwa ameanzisha timu, naye ndiye kapteni. Ligi ya vijana wa Kitui na Makueni ilikuwa inakaribia, na mbio za kwanza zilikuwa dhidi ya Tseikuru. Lakini tangu gemu ilipobadilishwa na walioitengeneza huko ilikotoka, gari la Kaluki lilikuwa likifika kwenye kona linasimama, linafikiri, halafu linajikuta ukutani. Vijana wa Tseikuru walishamwandikia: "Kathonzweni, hilo ni gari ama mkokoteni wa maji?"

Alimwita nyumbani Mwangangi, fundi wa kompyuta pale sokoni. Gathua, mwenzake wa timu, alikuja pia. Huyu alikuwa kijana wa duka la vifaa vya ujenzi, ambaye wazazi wake walihamia kutoka Murang'a kabla hajazaliwa.

"Shusha ubora wa picha mpaka chini kabisa," Mwangangi alisema.

Kaluki alishusha mpaka milima ikabaki kama maboksi. Gari likakwama vilevile.

"Umeona? Kama shida ingekuwa kadi ya picha, hapo ingepumua. Inayochoka ni prosesa, ubongo wenyewe."

"Basi ninunue ile mpya ya mwaka huu."

"Uiweke wapi? Bodi yako ni ya zamani, hiyo mpya haiingii hapo. Utanunua bodi nyingine na memori nyingine. Labda uuze punda."

"Hatuna punda."

"Basi uza Gathua."

"Mimi sina soko," Gathua alisema.

Wayua, mama yake Kaluki, alikuwa mlangoni akipepeta pojo. Hakuinua kichwa. "Huyo ni ng'ombe mmoja mzee kwenye nira. Mwenzake hata akiwa fahali, plau itatembea kwa mwendo wa mzee."

Mwangangi alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Mwaitu, mama yetu, umemaliza kazi yangu. Na ukifunga prosesa kubwa kupita kiasi, kadi ndiyo itageuka mzee." Akamgeukia Kaluki. "Kuna za kizazi cha bodi yako, zimetumika lakini zina nguvu kuliko hii. Naweza kukupatia."

Aliitaja bei. Ukiinunua hiyo, pesa za maksai zimekwisha.

Kaluki alisubiri wageni waondoke. "Mama, wewe unasemaje?"

"Mbuzi walikuwa wako. Uliwalea kwa chupa. Mimi sisemi."

"Na shamba?"

"Tutalima kwa mkono mpaka pale mvua itakapotukuta."

Alisema hivyo akijiinua kwa kushika mwimo wa mlango, kwa sababu goti lake la kulia halikutaka tena kumwinua. Kaluki aliliona goti lile, na hakuhitaji kuuliza zaidi. Alitembea shambani mpaka mpakani, akapiga udongo teke, ukamrudishia maumivu ya kidole. Kama msichana wa leo, alikuwa na kila sababu ya kununua kitu chake na kumwachia mama yake jembe. Wako wengi wanaofanya hivyo na kulala vizuri. Yeye hakufanya.

Kesho yake alikwenda dukani kwa Gathua, ambapo timu ilizoea kukutana kati ya mabati na misumari.

"Kuanzia leo kapteni ni Kavata," aliwaambia. "Pesa nakodishia maksai."

Kavata, binti aliyelelewa na nyanya yake ng'ambo ya soko, aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mimi? Mimi hata kona ya kwanza hunishinda!"

"Utajifunza."

"Kwa wale wa Tseikuru? Watanicheka mpaka kanisani."

Gathua aliokota msumari, akauangalia, akaurudisha kwenye boksi. "Hiyo shamba ni kubwa aje?"

"Ni kubwa."

"Kama maksai wawili wanaimaliza, sisi wote tutashindwa?"

"Gathua, umewahi kushika jembe wewe?"

"Nimeuza mengi."

Jumamosi walifika, timu nzima, na majembe mapya ya kuazima dukani yakiwa bado na karatasi. Wayua aliwatazama viatu vyao vyeupe. "Hawa wamekuja kulima ama kupigwa picha?"

Kwanza walilima kama kuku wanaochakura, kila mmoja upande wake. Gathua aliwekwa kwenye mtaro wa kuzuia maji, akaanza kutupa udongo chini ya mteremko.

"Juu!" Wayua alipiga kelele. "Udongo unatupwa juu! Unataka shamba langu lihamie Kibwezi?"

"Pole, mathe."

"Mathe ni nani? Mimi ni mama yenu, na nina fimbo."

Aliwapanga mstari. Walipokuwa bado wanapishana, akaanza kuimba, sauti ya chini kwanza, wimbo aliouimba akiwa msichana kwenye mashamba ya watu wengine. Vijana hawakuyajua maneno, lakini majembe yaliusikia mpigo. Yakaanza kupanda pamoja na kushuka pamoja, na ile ardhi ya tofali ikakubali kufunguka.

Mzee Mulwa, jirani, alisimama kwenye ua. "Mnalipwa ngapi?"

"Muthokoi!" Kavata alijibu, huku akipuliza lengelenge mkononi.

Mzee aliondoka bila kuaga, na aliporudi alikuwa na jembe lake mwenyewe, mpini umeng'aa kwa mikono ya miaka mingi.

Mchana walikula ile muthokoi, mahindi yaliyokobolewa kwa kinu na kupikwa na maharagwe, wakalamba vidole. Wayua akauliza, "Zamu ijayo ni ya nani?"

"Zamu gani?" Gathua aliuliza.

"Mmekula, sasa mna deni la mikono. Huo ndio mwethya."

"Si mwethya ni chama cha kina mama cha kuweka akiba?" Kavata aliuliza.

Mzee Mulwa alifumba macho kama mtu aliyeguswa kidonda, lakini alipoyafumbua alikuwa anacheka. Zamu iliyofuata ilikuwa ya nyanya yake Kavata.

Hawakumaliza siku hiyo. Walirudi, na shamba la Wayua likawa tayari mawingu yakiwa bado yanasitasita. Kaluki alizipeleka pesa kwa Mwangangi, aliyemtolea prosesa tatu zilizotumika.

"Hii kubwa nakupunguzia."

"Nipe ya kati. Nataka ng'ombe wanaovuta sawasawa. Inayobaki ni ya mbegu."

Jumapili alasiri, baada ya ibada, mbio zilianza. Gari la Kaluki lilifika kwenye kona ya kwanza na kupita bila kufikiri. Wayua alikuja kusimama nyuma ya kiti.

"Wewe ni yupi?"

"Yule wa bluu, mama."

"Mbona kuna watu mbele yako?"

"Hao ni Tseikuru. Subiri."

"Nisubiri nini? Kanyaga!"

Kaluki alimpita mmoja. Wayua alivuta kigoda, akaketi polepole kwa ajili ya lile goti, akasogea karibu na kioo.

"Bado huyo mwekundu," alisema.